POKE 53280,0: namba hiyo inaenda wapi?

Washa Commodore 64, iwe ile halisi iliyotoka mwaka 1982 au programu ya kuigiza kama VICE kwenye kompyuta yako ya leo. Skrini inakuja ya buluu, pambizo yake buluu nyepesi, na chini ya maandishi ya kukaribisha kuna neno READY na kishale kinachopepesa. Andika POKE 53280,0 kisha bonyeza RETURN. Pambizo inageuka nyeusi papo hapo. Mashine haikuulizi kama una uhakika, na kishale kinaendelea kupepesa kana kwamba hakuna lililotokea.

Wengi walioanzia hapo walidhani POKE ni amri ya rangi. Kesho yake wakakuta POKE inayotoa sauti, keshokutwa POKE inayozima kitufe cha kusimamisha programu, mtondo POKE inayompa mchezaji uhai usiokwisha kwenye mchezo. Mwishowe amri hii ikawa kama hirizi: unanakili namba kutoka jaridani, huelewi hata moja, unabonyeza RETURN na kuomba Mungu. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo, na kilichonichelewesha kuelewa ni kuuliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nauliza POKE inafanya nini, wakati POKE inafanya jambo moja tu siku zote: inachukua namba isiyozidi 255 na kuiweka kwenye anwani uliyoitaja. Swali lenye maana ni nani anakaa kwenye anwani hiyo.

Sisi tuliozoea barua kuishia S.L.P. badala ya mlangoni tuna picha nzuri ya jambo hili. Fikiria ukuta wa posta wenye masanduku 65,536, yamepewa namba kuanzia 0 hadi 65535. Kila sanduku linaingia karatasi moja tu, na juu ya karatasi kunaandikwa namba moja kati ya 0 na 255. Idadi hiyo haikuokotwa. Prosesa ya Commodore 64, iitwayo 6510, ina nyaya 16 za kutaja anwani, na kila waya ama una umeme ama hauna. Mbili zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe mara 16 zinatoa 65,536. Nyaya za kubeba namba yenyewe ni nane, na nane zinatoa hali 256. Ndiyo maana POKE 53280,256 inakataliwa kwa ujumbe ?ILLEGAL QUANTITY ERROR. Karatasi haitoshi kwenye sanduku.

Kwa maana ya neno, POKE ni kuchokonoa. Mwenzake ni PEEK, kuchungulia: PRINT PEEK(1024) inakuambia kilichomo kwenye sanduku 1024 bila kukigusa. Karibu kila mara bila kukigusa, nitarudi hapo.

Kwa mbele masanduku yote yanafanana. Siri iko nyuma ya ukuta. Mengi ni matupu kabisa, unaweka karatasi na kesho unaikuta ilivyo. Hayo ni RAM, kumbukumbu ya kawaida. Nyuma ya mengine kumekaa karani anayesoma karatasi mara inapoingia na kuinuka kwenda kufanya kazi. Hao ni chipu za picha, za sauti, na za kibodi. Na yapo yaliyojazwa kiwandani na kufungwa kwa kioo, ndiyo ROM. Prosesa haijui tofauti hizi. Inatoa anwani kwenye nyaya 16, na saketi nyingine ndiyo inayoamua ni chipu gani iamshwe kupokea. Sanduku 53280 ni la VIC-II, chipu ya picha, na karani wake kazi yake ni kupaka pambizo rangi. Sifuri ni nyeusi, 1 nyeupe, 2 nyekundu, 5 kijani, na kadhalika hadi 15. Jirani yake 53281 anapaka eneo la ndani.

Namba 53280 inaonekana imetoka hewani kwa sababu BASIC ya Commodore 64, lugha ya programu ambayo POKE ni amri yake, haikujua kusoma namba za msingi wa kumi na sita, ambazo herufi A hadi F ni tarakimu pia. Waliobuni mashine waliiona kama D020: D000 ndipo VIC-II inapoanzia, na 20 ni nafasi ya pambizo ndani yake. Ukiibadilisha kuwa namba za kawaida, D0 ni 208, unaizidisha kwa 256 unapata 53248, unaongeza 32 (ile 20 ya msingi wa kumi na sita), jumla 53280. Unadhifu wote umepotea njiani. Watu walikariri namba hizi kama namba za simu za ndugu, na wapo ambao hadi leo wamezisahau namba za simu lakini hizi hawajazisahau.

Mfano wa RAM yenye mtazamaji ni kumbukumbu ya skrini. Skrini ina mistari 25 ya herufi 40, jumla nafasi 1,000, na nafasi hizo zinakaa masanduku 1024 hadi 2023. Masanduku yenyewe ni ya kawaida kabisa. Ila VIC-II inayapitia yote, tena na tena, na kuchora kinachokutwa humo. POKE 1024,1 inaweka A kwenye kona ya juu kushoto. Si 65, namba ya A ambayo waliosoma ASCII, orodha ya kawaida ya namba za herufi, wangeitarajia, kwa kuwa skrini ina hesabu yake: A ni 1, B ni 2, hadi Z ambayo ni 26. Kila nafasi pia ina sanduku la rangi, kuanzia 55296. Ukitaka neno katikati ya skrini, mstari wa 12 na safu ya 17 tukihesabu kutoka sifuri, unafanya 1024 + 40 × 12 + 17, unapata 1521. Rangi yake inakaa 55296 + 497, yaani 55793.

10 FOR I=0 TO 5
20 READ H
30 POKE 1521+I,H
40 POKE 55793+I,1
50 NEXT
60 DATA 8,1,2,1,18,9

Endesha programu hiyo na HABARI inatokea kwa rangi nyeupe, bila PRINT hata moja. Mstari wa 40 una kisa chake. Kwenye baadhi ya Commodore 64 za zamani, kufuta skrini kulijaza masanduku ya rangi kwa rangi ileile ya eneo la ndani. Ukiweka herufi bila kuweka rangi, herufi ipo lakini ni buluu juu ya buluu. Programu ileile, mashine mbili za jina moja, moja inaonyesha na nyingine haionyeshi. Mtu angeweza kumaliza jioni nzima akitafuta kosa ambalo si lake.

Twende kwa karani wa sauti, chipu ya SID, ambaye masanduku yake yanaanzia 54272. Andika hizi moja moja:

POKE 54296,15
POKE 54278,240
POKE 54273,17
POKE 54272,37
POKE 54276,17

Ya kwanza inapandisha sauti hadi juu. Ya pili inasema sauti ikishatoka ishikilie. Ya tatu na ya nne ni namba moja iliyogawanywa vipande viwili, 17 × 256 + 37, na inatoa noti iliyo karibu na do ya katikati ya kinanda. Ya mwisho inachagua umbo la wimbi na kufungua lango. Noti inaanza na haikomi mpaka uandike POKE 54276,16. Sasa jaribu PRINT PEEK(54273). Hupati 17. Masanduku mengi ya SID yana tundu la kuingizia barua tu, hayana la kuchungulia. Mwandishi wa muziki ilimbidi atunze mahali pengine kumbukumbu ya alichokwisha kutuma.

Apple II ya mwaka 1977 ina kinyume chake. Spika yake ilikuwa kwenye anwani ambayo watu waliiandika -16336, hasi kwa sababu BASIC ya kwanza ya mashine ile ilihesabu namba zote hadi 32767 na kilichozidi hapo kikaandikwa kwa upande wa chini ya sifuri. Ukichungulia sanduku hilo kwa PEEK, spika inalia "tik". Kuchungulia kwenyewe ndiko kunakoisukuma. Ukichungulia mara nyingi kwa haraka unapata mlio. Ndiyo maana nilisema PEEK haigusi karibu kila mara.

Kwa nini mtu apige namba tano ili atoe noti moja? BASIC yenyewe ilizaliwa mwaka 1964 chuoni Dartmouth, Marekani, kwa mikono ya John Kemeny na Thomas Kurtz, kwenye kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu za kufumba na kufumbua. Mahali pale amri kama POKE ingekuwa wazimu, maana mwanafunzi mmoja angechokonoa kazi ya mwingine. Kompyuta iliposhuka bei na kuingia sebuleni, mwenye mashine akawa peke yake, na hakukuwa na wa kumdhuru ila yeye mwenyewe. Commodore nao waliweka kwenye mashine yao ya 1982 BASIC ya Microsoft waliyokuwa nayo tangu siku za PET, kompyuta yao ya awali, isiyo na amri hata moja ya picha za rangi wala ya sauti. Chipu mbili za ajabu, na lugha isiyojua kwamba zipo. POKE ikawa mlango pekee. Sinclair ZX Spectrum, ya mwaka huohuo, ilikuwa na BORDER, INK, na BEEP, kwa hiyo mtoto wa Spectrum angeweza kufika mbali bila kuchokonoa chochote. Kwa maoni yangu huo ubahili wa Commodore ulizalisha waandishi wengi wa programu kuliko ukarimu wa wengine, kwani aliyetaka hata mlio mmoja ilimbidi ajue mashine imejengwaje.

Spectrum inafundisha pia kwamba si kila karani anakaa kwenye ukuta mmoja. Prosesa yake, Z80, ina dirisha la pili kwa ajili ya vifaa, lenye namba zake na amri yake ya OUT. Rangi ya pambizo iko huko, dirisha namba 254. Hapo hakuna POKE ya kubadilisha pambizo moja kwa moja kama kwenye Commodore. Lakini POKE 23609,100 inageuza mlio mdogo wa kibodi kuwa mlio wa kusikika, kwa kuwa hilo ni sanduku la RAM ambalo programu ya ndani hulisoma kila unapobonyeza kitufe. Acorn nao, kwenye BBC Micro ya 1981, waliachana na neno POKE kabisa wakaweka alama ya kuuliza: ?&7C00=65. Jambo ni lilelile.

Mtego unaowanasa wengi ni kwamba sanduku moja mara nyingi hubeba swichi nane badala ya namba moja. Sanduku 53269 la Commodore huwasha spraiti, vile vipicha vinavyotembea juu ya skrini bila kuharibu kilicho chini. Ziko nane, na kila moja ina swichi yake: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Ukitaka kuwasha ya tatu ukaandika POKE 53269,4, kweli inawaka, ila nyingine zote saba zinazimika, kwa kuwa umebadilisha karatasi nzima. Dawa ni kuchungulia kwanza kisha kuongeza swichi yako: POKE 53269,PEEK(53269) OR 4. Kuzima hiyo peke yake ni AND 251, kwani 251 ni 255 ukitoa 4. Mtu akikuonyesha programu ya zamani ambayo spraiti zinapotea bila sababu, anzia hapo.

Mtego mwingine ni wa hila zaidi. Sanduku linaingia namba moja, lakini anwani ni ndefu kuliko hiyo, inahitaji masanduku mawili: kipande kidogo kwanza, kikubwa baadaye. Masanduku 788 na 789 ya Commodore yanatunza anwani ambayo prosesa huikimbilia mara 60 kila sekunde, inapoacha kazi yoyote iliyo nayo ili ikague kibodi na kupeleka saa mbele. Kwa kawaida yana 49 na 234, yaani 234 × 256 + 49 = 59953. Ukiandika POKE 788,52, anwani inakuwa 59956, masanduku matatu mbele, na prosesa inairuka amri moja tu. Amri hiyo ndiyo inayopeleka saa na kuangalia kitufe cha RUN/STOP. Matokeo: programu yako haiwezi kusimamishwa kwa kitufe, na saa ya ndani imesimama. POKE 788,49 inarudisha mambo.

Sasa tuseme unataka prosesa ikimbilie programu yako mwenyewe iliyo 49152, yaani 0 na 192. Unaandika POKE 788,0 na halafu POKE 789,192. Kati ya hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho anwani ni nusu mpya nusu ya zamani, 59904, katikati ya shughuli nyingine kabisa. BASIC ni polepole, kila amri inakula milisekunde kadhaa, na mkimbio unakuja kila baada ya milisekunde 16 hivi. Ukiangukia kwenye pengo hilo, mashine inaganda. Ukijaribu tena, inafanya kazi. Hakuna kosa linalokera kama linalokuja na kuondoka. Waliojua walisimamisha saa kwanza kwa POKE 56334,PEEK(56334) AND 254, wakabadilisha vipande vyote viwili, kisha wakaiwasha tena kwa OR 1.

Mpaka hapa namba zimekuwa herufi, rangi, noti, swichi, na anwani. Zinaweza pia kuwa amri. Prosesa inasoma masanduku mfululizo na kutekeleza kila namba inayokutana nayo, na haina namna ya kujua kama namba hiyo ni lugha ya mashine au ni herufi ya jina la mtu. Majarida ya miaka ya 1980 yalichapisha kurasa nzima za DATA, mamia ya namba kavu, ambazo mzunguko wa POKE ulizipanga kwenye RAM kuanzia 49152, kisha SYS 49152 ikaikabidhi prosesa. Kosa la tarakimu moja lilitosha kuharibu yote, ndiyo maana kukazuka programu za kujumlisha kila mstari na kulinganisha na jumla iliyochapishwa pembeni.

Ule uhai usiokwisha nao unatoka papo hapo. Mchezo wa Jet Set Willy wa 1984 kwenye Spectrum una, kwenye anwani 35899, namba 53. Kwa Z80 hiyo ni amri ya kupunguza moja kutoka sanduku lililokwisha kutajwa, na sanduku lenyewe linahesabu uhai uliobaki. Kwa prosesa hiyohiyo namba 0 ni amri ya kutofanya chochote. POKE 35899,0 na mchezaji anakufa kama kawaida, mlio wa kifo unasikika, kisha mchezo unafika mahali pa kupunguza, haufanyi kitu, unaendelea.

Je, POKE inaweza kuua mashine? Karibu kila mara jibu ni hapana. Unazima, unawasha, umepoteza kazi yako tu. Mfano maarufu wa kinyume ni POKE 59458,62 ya Commodore PET. Kwenye PET za mwanzo iliharakisha uandishi wa skrini, watu wakaipenda na kuiweka kwenye programu zao. PET zilizofuata zilikuwa na saketi tofauti ya skrini nyuma ya sanduku lilelile, na huko amri hiyo iliweza kuidhuru skrini yenyewe. Namba haikubadilika. Karani ndiye aliyebadilika.

Kwenye kompyuta ya leo programu haipati ukuta halisi. Mfumo endeshi unaipa kila moja ukuta wa bandia wenye namba zake, na ikiomba sanduku lisilo lake inauawa palepale. Lakini ndani ya vifaa vidogo hali haijabadilika. Kwenye Arduino Uno, bao dogo la kujifunzia elektroniki, taa ndogo ya pini ya 13 inawaka ukiweka 32 kwenye anwani 36 na kisha 32 kwenye anwani 37. Amri rahisi ambazo wanaoanza hufundishwa zinaishia kufanya hivyohivyo.

Niache na mchezo mmoja. Kwenye Commodore 64 jaribu POKE 41118,75, kisha PRINT PEEK(41118). Utapata 69. Hapo ni ROM ya BASIC, imefungwa, lakini barua yako haikutupwa: nyuma ya kioo kuna sanduku la RAM lenye namba ileile, na kuandika kunakwenda huko wakati kusoma kunatoka mbele. Tumia hilo:

FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT

Inaonekana ya kipuuzi, kusoma sanduku na kuandika kilekile palepale. Kumbe inanakili BASIC nzima kutoka mbele kwenda nyuma. Ikimaliza, ndani ya dakika moja, POKE 1,54 inaondoa kioo, na kuanzia hapo BASIC inayokusikiliza ni nakala yako, iliyo wazi kuchokonolewa. Sanduku 41118 ndipo orodha ya maneno ya lugha inapoanzia, na neno la kwanza ni END. Herufi ya mwisho ya kila neno huongezewa 128 ili mashine ijue limeisha. Basi:

POKE 41118,75
POKE 41119,79
POKE 41120,205

Andika END sasa na utapata ?SYNTAX ERROR. Andika KOM, yaani koma bila a ya mwisho, maana masanduku ni matatu tu, na mashine inajibu READY. Ukichoka, POKE 1,55 inarudisha kioo, na END inaeleweka tena.